Meza ya hafla na ada ya uanachama kwenye taasisi ya sanaa: ipi ni mchango, ipi ni mauzo?

karani_wa_pazia aliuliza:

Wakuu habari zenu. Naomba wanaozijua hesabu za taasisi zisizo za faida wanifungulie fundo hili.

Taasisi ni ya sanaa za jukwaani, imesajiliwa Marekani chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi (taasisi za hisani zisizotozwa kodi ya mapato), na mapato yanaandikwa yanapostahili, si pesa inapogusa benki. Inachangisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni hafla ya mwaka: meza ya watu 10 ni $5,000, kuna chakula na onyesho fupi, kisha mnada wa kazi za sanaa, kisha watu wanainua vibao kuchangia papo hapo. Ya pili ni uanachama wa wachangiaji wa $60, $150 na $500 kwa mwaka, kila ngazi na marupurupu yake.

Ubishi ni huu. Mweka hazina anasema meza ni mauzo, aliyenunua si mchangiaji, asiingizwe kwenye orodha yoyote. Upande wa uchangishaji wanasema $5,000 ni $5,000: mwenye meza apewe uanachama wa ngazi ya juu moja kwa moja, na wageni wake tisa waingizwe ngazi ya $60 kama zawadi. Mkaguzi naye anauliza kwa nini meza zilizolipiwa kabla ya kufunga mwaka wa fedha zimeandikwa zote kuwa mapato, wakati hafla yenyewe iko mwaka unaofuata.

Nani yuko sahihi, na risiti iandikweje?

---

mizania_haidanganyi alijibu:

Mkuu, hao wote wamekosea nusu nusu, na chanzo ni kwamba wanajibu maswali tofauti wakidhani ni moja. Malipo yakiingia yanapita kwenye vitabu vitatu: cha uhasibu, cha kodi ya mchangiaji, na cha heshima, yaani nani atajwe wapi na apewe nini. Jibu la kitabu kimoja si lazima liwe jibu la kingine.

Anza na meza. Tafuta thamani ya sokoni ya kile mgeni anachokipata. Usichukue gharama yenu. Swali la kujiuliza ni: mtu angelipa kiasi gani kwa chakula na onyesho la namna hiyo mahali pengine? Tuseme ni $120 kwa kichwa. Meza ina $1,200 ya mauzo na $3,800 ya mchango. Hapa ndipo wengi wanateleza: mpishi akitoa chakula bure, gharama yenu ni sifuri lakini thamani kwa mgeni inabaki $120. Hamruhusiwi kuandika meza nzima kuwa mchango eti kwa sababu chakula hakikuwagharimu.

Risiti. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa malipo yoyote yanayozidi $75 ambayo sehemu yake ni mchango na sehemu ni kitu alichopewa mtu. Hiyo $75 inapimwa kwa malipo yote. Tiketi ya $100 yenye chakula cha $40 ina mchango wa $60 tu, lakini taarifa ni ya lazima kwa sababu $100 imevuka $75. Ukiiacha, faini ni $10 kwa kila mchango, isiyozidi $5,000 kwa hafla moja. Taarifa iseme mambo mawili: kwamba anachoweza kudai kwenye kodi ni kile kilichozidi thamani ya alichopata, na makadirio yenu ya nia njema ya thamani hiyo. Andikeni hivi, hata kwenye fomu ya kuagizia meza:

"Malipo: $5,000. Thamani ya chakula na onyesho kwa watu 10 ni takriban $1,200. Kiasi kinachoweza kudaiwa kwenye kodi hakizidi $3,800."

Kwa mchango wa $250 na zaidi, mchangiaji mwenyewe ndiye anayehitaji barua yenu, na lazima awe nayo mkononi kabla ya kupeleka ritani yake. Barua ya "asante sana kwa ukarimu wako" isiyosema kama alipewa kitu au hakupewa haimfai kitu. Kama hakupata chochote, sentensi ya "hakupewa bidhaa wala huduma yoyote kwa mchango huu" iwemo. Walioinua vibao waandikieni barua yao peke yake yenye sentensi hiyo. Pesa ya kibao ni mchango mtupu, usiichanganye na risiti ya meza.

Aliyelipa meza halafu hakufika? Thamani ni ile ile. Kutokutumia tiketi si kuikataa. Anayetaka mchango kamili akatae viti mapema, kwa kisanduku kwenye fomu ya kuagizia: "Sitahudhuria, sihitaji viti, pokeeni kama mchango." Hapo viti vinabaki vyenu, mnaweza kuviuza tena.

Sasa mkaguzi. Sehemu ya mauzo, $1,200, ni deni mpaka siku ya hafla, hilo halina mjadala. Zile $3,800 zinategemea ahadi mliyotoa. Kama masharti yenu yanasema hafla ikifutwa pesa zinarudishwa, huo ni mchango wenye sharti, nao unakaa kwenye madeni mpaka hafla ifanyike. Soma maandishi madogo kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, maana mara nyingi aliyeyaandika ni mtu wa matangazo, mhasibu hajawahi kuyaona.

Siku ya hafla, kwa kila meza yenye sharti hilo (Dr ni debiti, Cr ni krediti):

Dr Malipo yaliyopokelewa mapema 5,000
  Cr Mapato ya hafla (sehemu ya mauzo) 1,200
  Cr Michango kupitia hafla 3,800

Kwenye Fomu 990 (ritani ya mwaka ya taasisi zisizo za faida) mgawanyo huo unafuatwa. Chukulia meza 8, jumla $40,000, na gharama za moja kwa moja (chakula, ukumbi, wapiga muziki) $11,500. Sehemu ya VIII, mstari 1c unabeba michango $30,400, mstari 8a unabeba mauzo $9,600, na 8b gharama $11,500. Mstari 8c unatoka hasi $1,900. Bodi ikiona hasi inaruka juu: "Hafla imekula hasara!" Haijala. Waonyeshe mistari yote miwili pamoja: 30,400 toa 1,900 ni 28,500, sawasawa na 40,000 toa 11,500. Fomu ndiyo ilivyopangwa, mchango unakaa juu na gharama zinakatwa chini. Na kwa kuwa 1c na 8a kwa pamoja zimevuka $15,000, Jedwali G (kiambatisho cha Fomu 990 kuhusu uchangishaji na hafla) nalo linajazwa.

---

daraja_la_tatu alijibu:

Naunga mkono vitabu vitatu. Niongeze upande wa uanachama, maana huko ndiko fujo iliko.

Kwanza jina. "Mwanachama" kwa watu wengi ni mwenye kura. Sheria za mashirika za majimbo nazo zinamtambua mwanachama mwenye haki ya kuchagua bodi. Katiba yenu iseme wazi kwamba wachangiaji wa ngazi zote hawana kura wala haki za kisheria za uanachama. Au badilisheni jina tu, waiteni Marafiki au Walezi, mmalize kesi kabla haijaanza.

Pili, thamani ya marupurupu. Kwa kodi, kuna nafuu nzuri kwa uanachama wa mwaka wa $75 au chini: haki ambazo mtu anaweza kuzitumia mara kwa mara (punguzo dukani, maegesho ya bure, kununua tiketi kabla ya wengine, kiingilio cha bure au cha punguzo) hazihesabiwi kabisa. Kwa hiyo ngazi yenu ya $60, kama marupurupu yake ni ya aina hiyo, risiti inasema mchango wote.

Wengi wanaishia hapo na kudhani ngazi za juu zinapoteza nafuu hiyo. Hapana. Kanuni za kodi zenyewe zina mfano wa kituo cha sanaa za jukwaani: kifurushi cha $75 kina haki za kununua tiketi wiki moja mapema, maegesho, na punguzo la asilimia 10 dukani, cha $150 kina hayo yote pamoja na bango linalouzwa $20. Mtu akilipa $300 akachukua kifurushi cha $150, barua inataja bango la $20 peke yake. Marupurupu ya msingi yanaachwa kwa sababu yanapatikana pia kwa $75. Basi panga ngazi zenu kama ngazi kweli: ya juu iwe ni ya chini pamoja na kitu kimoja au viwili vinavyohesabika. Mkiandika kila ngazi na orodha yake tofauti, mtakadiria thamani upya kila mahali.

Tiketi 2 za onyesho fulani si haki ya mara kwa mara. Hizo zihesabu kwa bei ya mlangoni. Kikombe chenye nembo kwa mtu aliyetoa $500 kinaweza kupita kama kitu kidogo kisichohesabika: kipimo ni asilimia 2 ya malipo (hapa $10) au kikomo cha mwaka kinachotangazwa na mamlaka ya kodi, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kikomo hicho hupanda na mfumuko wa bei, kiangalieni kila Januari.

Tatu, uhasibu haujali ile nafuu ya $75. Kitabu cha kodi kinasema sifuri, cha uhasibu kinauliza: kuna huduma inayodaiwa? Ngazi ya $500 yenye tiketi 2 za $40 na bango la $20 ina $100 ya kubadilishana na $400 ya mchango. Mchango unaingia siku ile ile. Ile $100 inasambazwa, na kama mmeamua kuisambaza sawa kwa miezi 12 ni $8.33 kwa mwezi. Mwezi wa mwisho weka $8.37, la sivyo senti 4 za kila mwanachama zitakaa kwenye akaunti ya mapato yaliyoahirishwa, na miaka mitatu baadaye mtu atakesha kuzitafuta. Ngazi ya $60 mnaweza kuiingiza yote mara moja kama sehemu ya marupurupu ni ndogo mno kuathiri hesabu, ila sera hiyo iandikwe na mkaguzi aione.

Kwenye Fomu 990, sehemu ya mchango ya ada inakaa mstari 1b. Ile ya kubadilishana inakwenda mstari 2, mapato ya huduma. Nimeona watu wakitupa zote 1b kwa sababu tu mstari unaitwa ada za uanachama.

Sasa lile la kumpa mwenye meza uanachama wa bure. Fanyeni hesabu kabla ya kukubali. Risiti yake inasema mchango ni $3,800. Mkimpa uanachama wa $500 kwa sababu ya malipo hayo hayo, mmempa marupurupu mengine ya $100, na mchango wake sasa ni $3,700. Risiti mliyokwisha kutuma ni ya uongo. Kama mnataka iwe hivyo, uanachama utajwe kwenye fomu ya meza tangu mwanzo na thamani ipande hadi $1,300.

Ushauri wangu: sehemu ya mchango ya meza ihesabiwe kwenye heshima (orodha ya wachangiaji kwenye programu ya onyesho, ukutani, popote), lakini isifungue marupurupu ya uanachama. Kutajwa jina hakuna thamani ya sokoni, hakupunguzi kitu.

Na wale wageni tisa, tafadhali sana msiwaingize. Hawakulipa, hawakuomba, na mwaka unaofuata karibu wote hawatahuisha. Wanachama halisi 200 wakihuisha 140 ni asilimia 70. Ongeza wageni 72 wa meza 8, wahuishe 4, mnasoma 144 kwa 272, asilimia 53. Bodi itaanza kuuliza nini kimeharibika kwenye uanachama, kumbe hakuna kilichoharibika. Wawekeni kwenye orodha ya kualikwa, wenye alama ya "mgeni wa meza", mwandikieni kila mmoja ndani ya siku chache.

---

karani_wa_pazia aliandika:

Nimeelewa sana, shukrani. Mawili yamebaki. Mwenye meza mmoja anataka kulipa kupitia mfuko wake wa hisani, ule ambao pesa zinakaa kwa taasisi inayousimamia na yeye anashauri ziende wapi. Na kwenye mnada, msanii aliyetoa mchoro anataka barua yenye bei ya $3,000.

---

nyundo_ya_mnada alijibu:

La mfuko: msipokee kwa meza. Pesa za mfuko wa namna hiyo zilishampa nafuu ya kodi siku alipoziweka, kwa hiyo haziruhusiwi kumnunulia manufaa yenye uzito. Watu wanajaribu ujanja wa kugawa: mfuko ulipe $3,800, yeye alipe $1,200 mfukoni. Mamlaka ya kodi ilieleza msimamo wake kwenye Notisi 2017-73 kwamba mgawanyo huo hautakubalika, kwa sababu bila zile $3,800 asingepata kiti. Adhabu ni nzito, asilimia 125 ya manufaa, na inamwangukia yeye. Zipo njia mbili safi: alipe meza yote kwa pesa yake, au mfuko utoe $5,000 bila viti kabisa. Uanachama wenye marupurupu yenye thamani ni vivyo hivyo.

Pesa ikitoka kwenye mfuko, mchangiaji kisheria ni ile taasisi inayousimamia. Yeye mwandikieni shukrani, lakini barua isiwe na maneno ya kodi. Kwenye mfumo wenu wa kumbukumbu malipo yakae kwa jina la msimamizi wa mfuko, na yeye awekwe kama mshauri anayestahili heshima. Mkiyaweka kwake moja kwa moja, mfumo wenyewe utamtumia risiti ya mwisho wa mwaka, na hiyo ndiyo namna kosa hili linavyotokea mara nyingi: hakuna aliyekusudia, ni barua za mkupuo za Januari.

La msanii linauma lakini ndivyo lilivyo. Msanii akitoa kazi yake mwenyewe anadai gharama za vifaa tu: rangi, turubai, fremu. Muda wake na bei yake ya ghala la sanaa havihesabiwi. Barua yenu isiweke bei kwa mtoa kitu yeyote. Ielezee kitu: "mchoro mmoja wa rangi za mafuta juu ya turubai, sm 60 kwa 90, uliopokelewa tarehe fulani." Kuthamini ni kazi ya mtoaji na mthamini wake. Mwambieni mapema, kabla hajabeba mchoro, kuliko agundue kwa mhasibu wake akawachukia.

Upande wa mnunuzi ni kinyume: yeye anahitaji bei. Chapisheni thamani ya makadirio kwenye katalogi kabla mnada haujafunguliwa. Akishinda kwa $4,200 kitu kilichoandikwa $3,000, anaweza kudai $1,200. Akishinda kwa $2,500 hana cha kudai, amenunua kwa bei nzuri tu. Katalogi isiyo na thamani inamwacha bila ushahidi kwamba alijua analipa zaidi. Tiketi za bahati nasibu, kama mnazo, hazina mchango ndani yake hata senti.

Na kama mtoaji si msanii bali mkusanyaji, na anadai zaidi ya $5,000, atawaletea Fomu 8283 (ya kudai nafuu ya kodi kwa mchango wa kitu kisicho pesa) msaini. Mkisaini kisha mkauza ndani ya miaka 3 (na kwenye mnada mtauza usiku ule ule), mnawajibika kupeleka Fomu 8282 (ya kuijulisha mamlaka ya kodi kwamba kitu kimeuzwa) ndani ya siku 125 tangu mauzo. Wengi husaini wakasahau.

---

ng'ambo_ya_pili alijibu:

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na taasisi Uingereza, hesabu si hizi. Kule taasisi ndiyo inayodai peni 25 kwa kila pauni ya mchango kupitia Gift Aid (mpango wa serikali unaoirudishia taasisi kodi ya mchango), na swali ni kama marupurupu yamevuka kikomo. Tangu Aprili 2019: asilimia 25 kwa £100 za kwanza, kisha asilimia 5 ya kinachozidi hapo, marupurupu yote yasizidi £2,500 kwa mtu kwa mwaka. Uanachama wa £500 unaruhusu £25 + £20 = £45. Ukizidi kikomo hata kidogo unapoteza dai lote la mchango huo, si ile ziada tu, isipokuwa mmegawa malipo waziwazi na mchangiaji alijua bei ya kitu kabla ya kulipa.

---

mizania_haidanganyi alijibu:

Nyongeza moja kwa karani, kuhusu wadhamini wa hafla. Kampuni ikilipa na nembo yake ikawekwa kwenye bango, hiyo ni shukrani, haina shida. Ikisomeka "bora kuliko zote, piga simu leo upate punguzo", imekuwa tangazo na sehemu hiyo inaweza kutozwa kodi kama biashara isiyohusiana na kazi yenu. Malipo yakitegemea idadi ya watakaohudhuria, nayo yanatoka kwenye kinga ya kutotozwa kodi hiyo. Na udhamini ukija na meza, meza ina $1,200 ile ile, iondoeni kwenye barua.

Kwenye mfumo, kila malipo ya hafla yafunguliwe mistari miwili tangu siku ya kwanza, mchango na mauzo, kila mmoja na akaunti yake. Kurudi kuyapasua malipo 80 mwezi wa kufunga hesabu ni kazi ya wiki nzima, na hapo orodha ya nani alikaa meza gani haipatikani tena.